Chumba cha Fundi Kinazidi Kushuka

“Usiniletee habari za mvua! Mvua gani hiyo, inazamisha chumba kimoja inaruka cha pili?” Mama Pacha alikuwa ameshika kiuno, mwiko bado mkononi.

“Basi panya,” alisema Dereva. “Mimi ninachojua, ukuta wangu umepasuka.”

“Na wangu je? Panya wa kuzamisha nyumba si angekuja kunisaidia kupika!”

Walikuwa wakibishania chumba cha katikati yao, alichopanga Fundi, mwanamke mpole mwenye cherehani ya miguu. Chumba hicho kilikuwa kinashuka ardhini. Kilianza kwa kimo cha kizingiti. Sasa dirisha lake lilikuwa sawa na nyayo za wapita njia, na Fundi akikaa kushona aliona visigino vya watu tu. Baadhi aliwatambua kwa ndala zao.

Kilishuka zaidi siku ambazo hakuongea na mtu, na siku hizo zilikuwa zimezidi. Uani walikwisha kujua kwamba anatumia dawa za virusi vya UKIMWI. Hakuna aliyemtukana. Walisema tu kwamba sindano huchoma vidole, vidole hutoka damu, sasa nani atavaa gauni la namna hiyo? Mama Pacha ndiye aliyelieleza jambo hilo vizuri kuliko wote, siku moja akisukwa nywele, na kila mtu akapeleka vitambaa vyake kwingine.

Mwenye nyumba alikuja, akachungulia, akashusha ngazi ya mbao.

“Wenzako ghorofa wanaitafuta juu,” alisema, “wewe umeipatia chini.”

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, na chumba kikatulia mpaka jioni.

Kliniki, nesi alifurahia majibu yake ya damu.

“Dada, dawa zimekukubali. Virusi hata kipimo hakivioni. Ukiendelea hivi, hata mume ukimpata humwambukizi. Shida nyingine?”

“Chumba changu kinazama.”

Nesi alimtazama kwa huruma, kisha akatazama foleni. “Wengi wenu vyumba vinazama,” alisema. “Kunywa maji ya kutosha. Haya, mwingine!”

Fundi alirudi, akashuka, akalala. Asubuhi alikitazama kidonge juu ya cherehani, akakiacha pale pale. Kesho yake akakiacha tena. Chumba kikashuka mpaka ngazi ikawa fupi.

Mama Pacha, ambaye kimya cha jirani humwasha mwili kama upupu, aliinama dirishani.

“We Fundi! Umekufa?”

“Bado.”

“Dawa umemeza?”

“Nimechoka, mama. Nimeze ili iweje?”

Swali hilo lilimuudhi Mama Pacha. “Meza kwanza, mengine tutagombana ukiwa huku juu. Nataka nisikie maji yakipita kooni.”

Fundi akainuka, akachota maji. Halafu maji yakasikika yakipita kooni.

Mama Pacha alifungua kamba ya kuanikia nguo, akamwita Dereva, wakazozana kuhusu fundo, wakamvuta. Fundi alitoka akiwa na vumbi kwenye nyusi. Dereva alijifuta viganja kwenye suruali, mara mbili tatu, akasema ana haraka.

Kwa Mama Pacha chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Watoto walizunguka sinia moja katikati ya mkeka, wakisukumana viwiko na kugombea ukoko. Karibu na mlango palikuwa na kigoda, na juu yake sahani ya plastiki, kikombe na kijiko, vyote vipya, bado vina karatasi za dukani.

Fundi alisimama akavitazama. Nyuma ya ukuta chumba kilisikika kikishuka tena, kidogo tu. Hakuna aliyegeuka.

“Karibu ndani, shoga yangu, usisimame kama mgeni,” alisema Mama Pacha, akiwasogeza watoto upande wa pili wa mkeka. “Kaa hapo hapo mlangoni, ule ushibe.”