Mkalimani wa Cyrildene

Tangu mama yake ashuke uwanja wa ndege akitokea Kericho, Chepngetich alikuwa mkalimani katika nyumba yake mwenyewe huko Randburg, Afrika Kusini, na ukalimani wenyewe, jamani, ulikuwa wa kutia sukari. Mwanawe Roy, mtoto wa miaka saba, akisema kwa Kiingereza, "Mwambie aache kunishika kichwa," yeye humgeuzia mama: "Anasema asante kwa kuja, kogo," yaani bibi kwa lugha ya kwao. Roy akinung'unika kwamba chumba anacholala na bibi yake kinanuka dawa ya kuchua, mama huambiwa mjukuu anamwombea kila usiku. Bibi wa watu hulala akitabasamu.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Ndiye aliyepiga marufuku Kiswahili nyumbani Roy alipoanza kuongea, asije akatambuliwa kuwa mgeni akachekwa shuleni. Halafu kwenye simu akajigamba kwa mama kwamba mtoto anaelewa kila kitu, ila ni mwenye haya tu. Haya gani?

Jumapili baada ya ibada akawapeleka Cyrildene, mtaa wa Wachina, mama atafute chupa ya chai ya kurudi nayo nyumbani. Mama alifurahi kupita kiasi. Alisimama kuwashangaa bata waliotundikwa dirishani, akanusa uyoga mkavu, akabonyeza matunda yenye miiba mpaka muuzaji akamkata jicho. Roy alifuata nyuma, mikono mfukoni.

Katika duka la vyombo, msichana wa Kichina wa rika la Roy aliruka kutoka juu ya kreti, akanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima.

"Karibu, bibi. Munatafuta nini?"

Mama aliduwaa kusikia Kiswahili. Nyuma ya rafu akacheka Candide, Mrundi anayemlea mtoto huyo.

"Huyo Lin ni wangu, mama. Nilimubeba mugongoni tangu mchanga."

Mama akaketi kwenye kreti, na gumzo likaanza: shule, kuku wa Kericho, meno yaliyong'oka. Chupa ya chai ikasahaulika. Chepngetich aliona aibu. Mtoto wa watu alikuwa akimpa mama yake kile ambacho mjukuu wake mwenyewe alinyimwa.

Mama akamwonyesha Roy kwa kidole. "Muulize huyu ndugu yako, leo usiku ataniombea nini?"

"Mama, twende, tutachelewa," Chepngetich akadakia.

"Wewe pumzika, mwanangu. Umefanya kazi sana."

Lin akamuuliza Roy kwa Kiingereza, akasikiliza, akageuka. Yeye hakuwa na sukari.

"Anasema hajui kuomba. Anauliza mutarudi kwenu lini, apate chumba chake."

Candide akajitia kupanga sahani. Mama hakulia. Alimtazama binti yake.

"Basi yale yote yalikuwa maneno yako."

"Ni yangu, mama."

Mama akarekebisha kitambaa chake kichwani, kisha akamgeukia Lin.

"Mwambie kuanzia leo nitalala sebuleni. Mwambie vile nilivyosema, usiongeze kitu."

Lin akamwambia Roy, neno kwa neno. Chepngetich alibaki amesimama kando, maana hakuna tena aliyekuwa na haja naye.