Droni Juu ya Kofia ya Baba Mkwe

Usiku wa jana niliota, na wa kulaumiwa ni mama Ipyana, anayeuza maparachichi njia panda. Yeye ndiye aliyeniambia, huku akinichagulia yaliyoiva, kwamba kuna kijana huko Kiwira droni yake ilimkataa hewani. Aliirusha harusini, ikapanda, ikapanda, ikaingia ukunguni, haikurudi.

"Na yule kijana," akasema, "mpaka leo shingo haishuki. Anatazama juu tu. Hata chai mama yake anamnywesha kwa kijiko."

"Mama Ipyana, hayo ni maneno ya watu."

"Ya watu, ndiyo. Kwani mimi si mtu?"

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu mwenye mwiba unyayoni. Binti yangu Tumpale ana droni. Ni ndogo, ukiikunja inalingana na kiatu cha mtoto, na ina jicho la kamera chini ya kidevu. Mjomba wake alimnunulia ili apige video za harusi. Jumamosi hii ndiyo kazi yake ya kwanza, harusi ya jirani zetu, kanisani pale juu. Lakini tangu aanze kujifunza hajawahi kuipitisha juu ya paa la jiko, kwa sababu kila akiinyanyua mimi nasimama mlangoni napiga kelele, "Shusha! We Tumpale, shusha!" Naye anashusha.

Jana jioni alishusha, akakaa kizingitini, akasema, "Mama, nitawaambia watafute mtu mwingine."

Nikasema, "Itakuwa vizuri." Nikaenda kulala nimefurahi.

Kuna jambo jingine mlijue kabla sijaingia ndotoni. Kwetu Unyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, wala jina lake halitaji. Akimsikia njiani anaacha njia, anaingia migombani, anageuza uso mpaka apite. Wa kwangu anaishi ng'ambo ya kijito, na tangu niolewe sijauona uso wake. Namjua kwa kikohozi na kwa ncha ya fimbo. Namjua pia kwa mafundo, maana yeye hutumia mkono wa kushoto. Akituletea mzigo wa ndizi, fundo la kamba yake limelala upande ambao la mtu mwingine halilali. Hata kulifungua nalifungua kwa heshima.

Basi, ndotoni nimesimama uani mchana kweupe. Rimoti iko mikononi mwangu mimi, na Tumpale amekaa juu ya ndoo anakula muhindi wa kuchoma. Droni imekaa juu ya kinu.

"Mugonile, mama," ikanisalimu.

"Ndaga," nikajibu. Sikushangaa kwamba inaongea. Nilishangaa kwamba ina adabu.

"Leo ni wewe," ikasema.

"Mimi sijui."

"Ndiyo maana ni wewe. Anayejua anajifunza nini?"

Nikashika kijiti cha rimoti, lakini Tumpale akanizuia kwa ule muhindi. "Mama, subiri kwanza satelaiti zifike. Bila satelaiti haijui iko wapi."

Satelaiti zikaanza kufika. Zilikuwa akina mama wa kamati ya harusi, wamevaa vitenge vya sare, kila mmoja na kiti chake cha plastiki kichwani. Walikaa kuuzunguka ua. Mwenyekiti wao akawahesabu kwa kidole.

"Hatujatimia," akasema.

"Nani hajafika?"

"Yule wa kusini. Matope yamemshika."

"Matope ya angani?"

"Mama Tumpale, ungekuwa unahudhuria vikao ungejua."

Tukangoja. Wakaomba soda, nikawapa. Yule wa kusini akafika akiwa ameshika viatu mkononi, akaomba radhi, wakampigia makofi. Hapo wote wakageuza viti wakanitazama.

"Sasa unaonekana," akasema mwenyekiti.

Nikavuta kanga nikajifunika mabega.

"Bado dira," ikasema rimoti. Ilikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. "Zunguka."

Nikazunguka. Nikaona tumesimama katikati ya shamba la chai, na viti vya kamati vimekaa juu ya chai bila kuzama.

"Zunguka tena."

Nikazunguka. Tuko kanisani, kwaya inafanya mazoezi ya wimbo wenye neno moja tu, na neno lenyewe ni "shusha".

"Tena."

Nikazunguka, tukarudi uani, ila jiko langu limehamia upande wa choo.

"Hapo sawa," ikasema rimoti.

"Si sawa. Jiko langu lilikuwa kule."

"Dira imekubali. Jiko halikuulizwa."

Droni ikashuka kwenye kinu, ikanyoosha mikono yake minne, ikaniambia masharti. "Usinitoe machoni. Ukitazama pembeni, naanguka. Na ukiogopa, achia vidole. Ukiviachia nitasimama hapo hapo hewani, sitakwenda popote. Kuna na la tatu."

"Lipi?"

"La tatu sikuambii sasa. Utaogopa."

Nasukuma kijiti. Mapanga yanavuma, vumbi linatimka, kuku wanakimbilia uvunguni mwa viti vya kamati. Droni inapanda hadi magotini kwangu, kiunoni, kifuani. Inafika usawa wa uso wangu, tunatazamana, inazidi kupanda. Mdomo wangu unafunguka wenyewe.

"Shusha!"

Droni haikushuka. Aliyeshuka ni Tumpale.

Mwanzo miguu yake ilikuwa imekanyaga chini. Sasa inaning'inia. "Mama," akasema, "ndoo imerefuka."

Droni ikafika usawa wa paa. Nilijizuia, Mungu ni shahidi, lakini upepo ukaisukuma kidogo.

"Shusha!"

Tumpale akawa kama alipoanza kutembea. Mikono ya gauni ilimmeza viganja. Muhindi ulikuwa sasa unalingana na mkono wake, naye aliendelea kuula bila kulalamika, maana ni mtoto msikivu.

Kamati wakaanza kunong'ona.

"Huyu ndiye wa kupiga video Jumamosi?"

"Atawekwa juu ya meza."

"Hata juu ya meza, ataona nini? Vilemba tu?"

"Mama yake ndiye anayetaka awe hivyo. Tusiingilie."

Nilitaka kuwajibu, lakini droni ilikuwa imeanza safari. Inavuka ua, inavuka migomba, inaelekea kijitoni. Naifuata nikitazama juu, shingo imekaza kama ya yule kijana wa Kiwira. Tumpale ameshika pindo la kanga yangu, anatembea hatua ndogo ndogo. Kijito kinatuona, kinasogea pembeni, kinasema, "Piteni, mna haraka."

Ndipo nikasikia kikohozi.

Kikohozi kile nakijua. Miguu yangu ikageuka yenyewe kuelekea migombani, kama inavyofanya miaka yote. Lakini macho yako juu, na juu kule droni imesimama. Na chini ya droni, ukingoni mwa macho yangu, kuna kofia.

Nikaelewa hali yangu. Nikiendelea kutazama, macho yatateleza, nitamwona mkwe. Nikigeuza uso, droni itamwangukia kichwani, nitakuwa nimemuua mkwe. Sijui mwanamke gani wa kwetu aliyewahi kuwekwa pabaya hivyo.

Neno likanijia kooni. Nikahisi kichwa cha Tumpale kinanigusa gotini. Likitoka jingine, sitakuwa na mtoto. Nikauma ulimi.

"Wewe chombo," ikasema sauti chini ya kofia.

"Naam, mzee," ikajibu droni.

"Mwambie mke wa mwanangu namsalimu."

"Anakusalimu," droni ikaniambia.

"Mwambie nashukuru," nikasema.

"Anashukuru."

"Mwambie kila nikipita, migomba inatikisika kama imeingiliwa na nguruwe. Miaka yote hii. Namwogopa."

"Anakuogopa."

"Nimesikia," nikasema. Kisha nikakumbuka. "Mwambie sijasikia."

"Hajasikia, mzee."

"Sawa. Mwambie pia mimi sina ugonjwa wa kifua. Nakohoa ili apate muda wa kukimbia."

Majani ya mpera niliyomchemshia kwa ajili ya kifua, nikampelekea kwa mikono ya watu miaka na miaka, sijui alikuwa akiyamwaga wapi.

"Na huyo aliyemshika kanga," akaendelea, "ni mjukuu wangu. Jumamosi nataka anipige picha kutoka juu. Watu wananiambia kofia imetoboka, mimi siamini. Lakini mtoto awe na kimo cha kushika mashine. Kwa kimo hicho ataangushwa na kuku."

Kabla droni haijanifikishia hayo, betri ikaita kutoka tumboni mwake, "Jamani, mimi naisha. Nimebaki tonge moja."

Mwili wangu wote ukahamia kwenye vidole. Nikavikaza vijiti. Droni ikatetemeka, ikainama upande huu, ikainama upande ule, upepo wa mapanga ukaanza kuinyanyua ile kofia. Kofia ikinyanyuka, uso utaonekana.

"Mwambie aachie," akasema baba mkwe.

"Anasema uachie."

"Nikiachia itaanguka!"

Tumpale akavuta pindo la kanga. Sauti ilitoka chini kabisa. "Mama, ukiachia haianguki. Nakwambia kila siku. Ukiachia inasimama."

Kwa kweli kila siku alikuwa akiniambia, lakini kila alipokuwa akiniambia, mimi nilikuwa napiga kelele.

Nikaachia dole gumba la kulia. Nikaachia la kushoto. Nikabaki nimeikumbatia rimoti kama sahani ya moto, nikisubiri kishindo.

Hakikuja. Droni imetulia hewani kama taa iliyotundikwa bila waya. Kofia inashuka, inakaa vizuri kichwani. Ng'ambo ya kijito kamati inapiga makofi, ila kidogo tu, makofi ya kikao.

Halafu nasikia kanga inavutwa. Aliyeishika anainuka nayo. Yuko gotini, yuko kiunoni, yuko begani. Tumpale anaiachia, ananipita kimo kama anavyonipita siku zote, ananyoosha mkono, anaichukua rimoti. Hakuniomba, nami sikumkatalia.

"Upepo unatoka kanisani," akasema. "Nitairudisha chini chini."

Kabla haijaondoka, mkono ukanyanyuka kutoka chini ya kofia. Ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa na uzi wa kamba ya mgomba, ukaufunga mguuni mwa droni taratibu, kama mtu anavyofunga mbuzi wa kupelekwa kwa wajomba.

"Isisahau kwao," akasema baba mkwe.

Nikapiga kelele kuiuliza kamati, "Nimeona mkono! Nimevunja mwiko?"

Wakasogeza viti, wakanong'onezana, mwenyekiti akasimama. "Mkono si uso. Imepita."

Droni ikageuka ielekee nyumbani. Nikakumbuka. "We! La tatu lilikuwa lipi?"

Ikanijibu ikiwa inakwenda zake. "La tatu ni kwamba Jumamosi si wewe utakayerusha."

Ukungu ukashuka, ukafunika kijito, viti na vitenge, nami nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shingo iliniuma kama niliyekesha natazama dari. Tumpale alikuwa bado amelala, miguu imepita mwisho wa kitanda, nikaitazama miguu ile kwa muda mrefu kuliko kawaida. Begi la droni lilikuwa juu ya kabati, nilipoliweka mwenyewe jana jioni baada ya kulifunga zipu, nikalikandamiza kwa sufuria kubwa ili lisipate mawazo. Sufuria ilikuwa mahali pake. Nikaliteremsha. Nikafungua.

Mguuni mwa droni kulikuwa na uzi mkavu wa mgomba. Fundo lililala kushoto.

Nje, ng'ambo ya kijito, mtu akakohoa. Nikatoka na kanga yangu nikaingia migombani, nikageuza uso kama inavyotakiwa. Ila safari hii sikukimbia. Niliingia kwa kutembea, jani lisitikisike. Nikasikia fimbo imesimama kidogo njiani, kisha ikaendelea.

Niliporudi nilimwamsha Tumpale. Nilimwambia asiwapigie wale watu, Jumamosi anakwenda. Kisha nikakaa kuandika haya. Kwa hiyo wazazi wenzangu, wenye mtoto anayejifunza kurusha droni, naomba mjiepushe na haya:

Usikubali irushwe kukiwa na ukungu, hata kama bibi harusi analia.

Usikubali inyanyuliwe kabla satelaiti hazijatimia. Wageni wakiharakisha, wape soda.

Isirushwe juu ya vichwa vya watu. Kichwa cha mkwe usikifikirie kabisa.

Mtoto asiitoe machoni, na asingoje betri ianze kuomba.

Akiogopa asikaze vidole. Aachie.

Usinunue maparachichi na habari mahali pamoja.

Usisimame mlangoni ukaita "shusha". Ukishindwa kunyamaza, ingia jikoni ukachekeche unga.

Na ukikuta kamba mguuni mwake ambayo hukuifunga wewe, usiifungue.