Tulivyouimbia Ukuta

Mimi nauza mapazia Bwaise, kwa hiyo nyumba ya mtu huanza kuisoma madirishani. Nyumba ya Mama Alanyo, juu kule Kyambogo, ilikuwa imevaa vizuri mbele: lesi nyeupe kila dirisha, zimepigwa pasi, hakuna iliyoning'inia ovyo. Nilipoziona nikasema moyoni, hawa wanajua kupokea watu, kaka yangu Jafar hakupotea njia.

Siku hiyo tulikwenda kumposa Aol, binti pekee wa Mama Alanyo. Jafar na Aol walikuwa wameshapatana mambo yote wenyewe, hata habari ya msikiti na kanisa, maana wao ni Waacholi Wakatoliki na sisi ni Wanubi wa Kibuli. Aliyebaki ni mama. Naye alimwambia binti yake waziwazi: waje niwaone, nikiona hawana heshima sitoi idhini. Aol si mtu wa kutoroka usiku na begi, kwa hiyo bila idhini ndoa hakuna. Jafar alishindwa kula siku nzima, na mimi namjua Jafar, huyo hata akiwa na homa hamalizi kuugua kabla hajamaliza sahani.

Basi tukaenda wanawake watupu, kama ilivyo kwetu: Bibi Faridah, shangazi yangu Munirah, mimi, na majirani wawili tuliowachukua kwa sababu ya sauti zao. Tumejifunga gurbaba zetu mpya, zile shuka za Kinubi, sinia zi kichwani, na kila sinia limefunikwa kwa kuta, kile kifuniko cha ukindu wa rangi rangi. Bibi husuka kuta mwenyewe, na ukizitazama kwa haraka haraka anakununia.

Mama Alanyo alikuwa amesimama barazani kutupokea. Mwanamke mrefu, mwalimu wa chuo aliyestaafu, gauni la gomesi limekaa vizuri mabegani. Kando yake kaka yake, Mzee Ocaya, polisi mstaafu, amevaa koti katika jua lile. Sakafu ya baraza ilikuwa imesuguliwa kwa rangi nyekundu mpaka inang'aa, na milango miwili ya mbele imefunguliwa yote. Aol alikuwa nyuma yao, anatabasamu kwa hofu.

Bibi akawainamia kichwa, akasema salamu aleikum, kisha akakata kushoto na kuizunguka nyumba. Sisi wote nyuma yake.

Nieleze, maana najua kuna watu hamtaelewa. Katika ukoo wetu anayekwenda kuposa hapiti mbele. Mbele ni kwa mgeni, na mtu aliyekuja kuomba mtoto hataki kuwa mgeni. Anapita uani, penye jiko, huko ndiko kwa watu wa nyumbani. Na wenye nyumba wakikupenda wanakufungia mlango makusudi, mpaka uimbe ndipo wakufungulie. Haikutupitia akilini kwamba kuna mtu Kampala hii asiyelijua hilo.

Huko nyuma nilishangaa. Madirisha yalikuwa matupu, hata kitambaa cha kuficha aibu hakuna. Ua umefagiliwa lakini hauna kamba ya nguo, hauna sufuria, hauna kuku. Pembeni kulikuwa na kijumba cha bati chenye vimilango viwili vifupi, cha watumishi, boizi kota kama tunavyokiita bado, hata sisi tuliozaliwa wakati huyo boi na bwana wake walishaondoka. Na mahali pa mlango wa jikoni palikuwa na matofali. Fremu ya mbao ipo, kizingiti kipo, ila katikati umejengwa ukuta.

"Bibi, hapa iko matofali," shangazi Munirah akasema.

Bibi akauangalia ukuta kutoka juu hadi chini. "Naona. Hawa nafunga kweli kweli. Hawa watu ya heshima sana." Akatua sinia lake. "Haya, imbeni."

Tukaimba. Tuliuimbia ule ukuta kwa moyo wetu wote, tukausifu, tukauomba, tukaubembeleza kwa majina ya mama zake. Wale majirani wakaanza na kucheza. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele nikasikia sauti inanirudia kutoka kwenye tofali, na nikawa na furaha kweli.

Mama Alanyo akatokea pembeni mwa nyumba. Nilidhani amekuja kucheka. Uso wake ulinikatisha kigelegele katikati.

"Mama," alimwambia Bibi, polepole, kwa Kiswahili ambacho alikuwa anakitafuta. Kiingereza Bibi hajui, Kiacholi hatujui sisi. "Kwangu mgeni anapita mbele. Nimefungua milango yote. Nani alikuambia kuja kuchezea hapa?"

"Mlango ya mbele ni ya polisi na ya watu nataka kura," Bibi akajibu, anatabasamu. "Sisi nakuja kama watoto ya nyumba."

Mzee Ocaya, aliyekuwa amemfuata dada yake, alikohoa kuficha kicheko. Dada yake hakucheka.

"Baba yangu Okullo alikuwa mpishi hapa," alisema. "Wakati ya mzungu wa reli. Alisugua ile baraza kwa magoti kila asubuhi, na kupita juu yake haruhusiwi. Alipita hapa. Ufunguo ya mlango hii mzungu alikuwa nalala nayo. Baba anakuja alfajiri, mvua inanyesha, anasimama hapa, anangoja bwana aamke. Mimi nilikuwa mtoto kwenye kile kijumba, naona mgongo yake. Siku nilinunua hii nyumba, kitu ya kwanza nilifanya ni kuita fundi na matofali. Nikasema hakuna mtu atapita huku tena. Na leo mnakuja kuimba." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na ninyi Wanubi. Babu zenu ndio walikuwa kwa geti na bunduki."

Aol aliziba uso kwa mikono. Nikaona ndoa ya kaka yangu inaondoka hivi hivi, na sisi tumesimama na sinia zetu. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikasirika pia, sitaficha, maana jibu nilikuwa nalo mdomoni na lilikuwa baya. Bibi akanishika mkono kabla sijalitoa.

"Ni kweli," Bibi akasema. "Baba yangu alisimama kwa geti kama ile. Bunduki alikuwa nayo. Mpishi akichelewa, yeye ndiye nauliza pasi, ile karatasi ya kupita. Sikatai." Alifikiri kidogo. "Miaka yote alilinda nyumba ya mzungu, binti yangu, na hajajua ndani iko vyumba ngapi. Alikuwa natuuliza sisi watoto tukisie."

Bibi akainama, akalichukua sinia lake kwa shida, akaliweka kichwani.

"Sisi tumekosa. Nyumba ni yako, mlango ni ile unataka. Twende mbele, wanangu."

Akaanza kutembea. Alikuwa amefika kwenye pembe ya nyumba Mama Alanyo aliposema, "Ngoja."

Alikuwa anaangalia kizingiti. "Baba alikuwa nakula hapa," alisema. "Amesimama. Sahani mkononi, kwa sababu kengele inaweza kulia."

Bibi akarudi. Akaweka sinia chini, mbele ya ukuta, akaondoa kuta lake la ukindu, na harufu ya mboga ya karanga na kuku ikajaa ua mzima. "Basi leo sisi nakaa," akasema.

Mama Alanyo akakusanya gomesi lake na kuketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye matofali. Aol akakimbilia mikeka. Mzee Ocaya akavua lile koti, hatimaye. Tulikula kwa mikono, wote, na Mama Alanyo alipoonja karanga akauliza nani amepika, shangazi akasema ni yeye, ingawa ni mimi. Nimemsamehe kwa sababu ya siku yenyewe.

Tulipomaliza, Mama Alanyo akainuka na kujipangusa. "Sasa tunaingia ndani," alisema. "Kwa mbele. Mama, utahesabu vyumba, kisha utaniambia baba yako angekisia ngapi."

"Na mtoto?" Bibi akauliza. Hakuwa mtu wa kusahau alichojia.

"Mtoto nimewapa. Siku ya kumchukua mje huku huku, muimbe kama mlivyoimba." Akaugonga ule ukuta kwa kifundo cha kidole. "Mlango utakuwepo. Nitamwita fundi." Akanigeukia mimi. "Wewe wa mapazia, Aol ameniambia, utaleta la kuning'iniza hapo."

Nikasema nitaleta la rangi ya damu ya mzee, akasema hapana, la maua.

Bibi alikuwa bado anauangalia ukuta. "Na ufunguo nakaa na nani?"

Mama Alanyo alimshika mkono, wakazunguka mbele wapande ngazi za baraza pamoja. "Na mimi," alisema. "Lakini sitafunga."