Maji Yaliyokataa Rangi

Wacha niseme mapema, mtu asije akaniambia sijui maji. Kabla ya klabu ya shamba la chai hapa Kericho kuniajiri, nilikuwa karani wa josho kule Siongiroi miaka kumi na mmoja. Ng'ombe mia tatu kwa siku, na kupe hata mmoja hatoki hai. Kwa hivyo mwaka wa tisini na sita, Mzee Opondo aliyekuwa akitunza bwawa la kuogelea alipohamishiwa kwa boila ya kiwanda, kazi nikapewa mimi.

Opondo alinionyesha kazi siku moja tu. Unachota maji kwa kichupa, unatia kidonge. Maji yakigeuka waridi, klorini imo. Yakibaki meupe, haimo, ongeza.

"Ukikwama uniite," akaniambia.

"Mzee, kwani mimi nimeanza kuona dawa leo?"

Jumamosi moja shule zilikuwa zinakuja kushindana. Binti yangu Cheptoo, miaka kumi na miwili, alikuwa mtoto wa kwanza wa mfanyakazi kuchaguliwa kuogelea pale. Wiki nzima sikulala vizuri kwa furaha.

Ijumaa nikauliza idadi: watoto themanini na wawili. Kwa josho dawa hufuata vichwa, ng'ombe wakiwa wengi unaongeza. Nikamwaga klorini ya vichwa themanini na viwili. Asubuhi nikapima. Kidonge kikatoa waridi kidogo, halafu rangi ikapotea. Ati nini? Nikaongeza mikebe minne. Nikapima tena, meupe pee! Hapo nikakasirika. Nikasema klorini ya siku hizi wanachanganya na unga wa ugali, nikamwaga ndoo nzima.

Wageni walipofika, walimu wakaanza kuziba pua na kunong'onezana. Nikajua dawa ya hiyo. Kwetu, watu wakiogopa josho, karani huingiza ng'ombe wake kwanza. Nikamwita Cheptoo mbele ya umati.

"Ingia, mama. Piga raundi nne wakuone. Maji ni safi!"

Akaruka. Aliogelea vizuri, haki ya Mungu, na kila akifika ukingoni alitupungia mkono akicheka. Nikavimba kichwa. Nikawatazama wale walimu kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo Opondo akafika, amekuja kutazama mashindano.

"Omera, ndugu yangu Kiptanui, hii harufu ni ya nini?"

"Ya usafi."

"Umepima?"

"Nimepima mpaka nimechoka. Dawa haishiki. Ona mwenyewe." Nikatia kidonge mbele yake. Meupe.

Hakubishana nami. Alichota kikombe kimoja cha maji ya bwawa, akakichanganya na vikombe tisa vya maji ya kunywa, akajaza kichupa na kutia kidonge. Maji yakageuka waridi iliyokolea, karibu nyekundu. Opondo akapiga yowe.

"Yawa! Dawa imekuwa kali mpaka inakula rangi! Nani yuko ndani? Toa mtoto! Toa mtoto!"

Mimi bado nilikuwa nimeshika kichupa. Ni Opondo aliyeruka na nguo zake. Cheptoo alikuwa akipapasa ukuta akitafuta ngazi, macho ameyafumba, anakohoa mpaka anatapika. Tulipomfungua kope, ndani mlikuwa mwekundu kama nyama mbichi. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Kule zahanati, nesi Jentrix alimwagia yale macho maji saa nzima. Mimi nilisimama pembeni, mikono yangu bado inanuka klorini.

"Ataona?"

"Ngoja, baba. Usiniulize sasa."

Saa kumi jioni alimwondolea pamba aliyokuwa amemfunika nayo macho. Cheptoo akafungua jicho moja, halafu la pili.

"Unaniona?"

"Nakuona. Lakini kama kuna moshi."

"Ni dawa, itaisha polepole," nesi akasema. Nikapiga magoti pale sakafuni, sikujali nani ananitazama. Nililia wee.

Nilipoinuka nikamuuliza, "Ilianza kukuuma lini?"

"Nikiruka tu."

"Kuruka tu! Na raundi zote hizo ulikuwa unacheka? Mbona hukutoka, Cheptoo?"

Akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Ulikuwa umewaambia ni safi, baba. Ningetoka wangesema umedanganya."