Harufu ya Mafuta ya Papa

Mwalimu Careen alipotangaza mchezo wa kuigiza usiohitaji macho wala masikio, walimu wenzake walicheka hadi wakapaliwa na chai. Hakuwajali. Darasani kwake, pale Kiegeani, alikuwamo Chiku, binti wa miaka kumi na mitatu asiyeona wala kusikia, na mchezo usiomfikia Chiku aliuona kazi bure.

Basi mchezo ukawa wa kuunda jahazi. Watazamaji wangekaa mkekani, wapapase mbao, wamwagiwe maji ya chumvi miguuni, nyundo waisikie kwa viganja. Mwanafunzi Hafidhi, aliyeigiza fundi, akajipaka mafuta ya papa, yale yanayopakwa vyombo vya baharini, ukumbi mzima ukanuka. Careen, mtu wa bara aliyehamia mwaka ule, alijiona kamaliza kila kitu. Kuuliza baba yake Chiku alikuwa nani, wazo hilo hata halikumjia.

Siku ya onyesho Hafidhi aliingia, Chiku akainua pua. Akainuka, akakanyaga watu, akamkumbatia, akacheka kicheko ambacho shuleni hakikuwahi kusikika. Watu wakapiga makofi. Careen machozi yakamtoka kwa furaha, maskini.

Kisha mikono ya Chiku ikapanda usoni mwa Hafidhi kutafuta ndevu. Kidevu kilikuwa laini. Ikatafuta tena, polepole. Chiku akamwachia Hafidhi, akaketi chini, akalia.

Arafa, mama yake, alikuwa keshafika kando yake.

"Baba yake alikuwa fundi wa vyombo kisiwani Jibondo," alimwambia Careen. "Alifia huko mwaka jana, akazikwa hukohuko. Tumekaa matanga, huyu yumo katikati yetu, hajui tunalia nini. Ningemwambiaje, mwalimu wangu? Kila Alhamisi, siku aliyokuwa akirudi nyumbani, hukaa mlangoni kumsubiri."

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Nikusamehe nini? Ila leo ndiyo kafiwa."

Akajitanda khanga, akaketi mkekani na mwanawe. Wanawake wakaanza kuja, mmoja mmoja, kumshika Chiku mkono kama anavyoshikwa mfiwa. Careen alikuja wa mwisho, roho ikimuuma.

Chiku aliujua mkono ule. Akaukunjua, akaandika kiganjani kwa kidole alama ya baba, kisha akasubiri jibu.

Careen alikuwa amemfundisha maji, mama, baba, njoo, lala. Kufa hakuwahi kumfundisha. Akamwandikia alama pekee iliyokaribia, ile ya kwisha, aliyozoea kumwandikia uji ukiisha sufuriani.

Chiku akamrudishia kiganja, aandikiwe tena.