Haya Mbele ya Mkwe

Mluzi ulimjia usingizini, mwembamba, wa kupanda na kushuka. Abdulhalim alidhani ni mpita njia kwenye barabara ya Ndia Kuu, chini ya dirisha lake. Akabana pumzi asikilize vizuri. Mluzi nao ukakoma. Akapumua, ukarudi. Ndipo alipofumbua macho, mchana ule wa Jumatatu, akajua unatoka kifuani mwake.

Alikuwa fundi wa nakshi za milango, mtu wa kushinda na patasi mkononi. Sasa hata ngazi ya nyumba yake ilimshinda. Homa ilikuwa ya siku ya nne, na kikohozi kikavu hakikumpa nafasi. Khairiya, binti yake, alikuwa ameshamtengea kikombe cha peke yake, kwa kuhofia kifua kikuu.

"Ni vumbi la mbao," alimwambia.

"Miaka arubaini vumbi hilo lilikuwa wapi, baba?"

Mume wa Khairiya, Mzamil, dereva wa lori kule Shimanzi, hakubishana. Aliomba ruhusa kazini, akaja na teksi, akamshika mkwewe mkono mpaka kliniki moja ya Bondeni.

Daktari alikuwa mwanamke, jina lake Jacinta. Aliinua picha ya eksirei mbele ya dirisha. Mapafu yote mawili yalijaa vitone, kama mtama uliomwagwa.

"Mzee, kuna dawa yoyote unayotumia?"

Abdulhalim alimtupia jicho Mzamil, aliyeketi kando yake. "Panadoli."

"Ana saratani ya tumbo, daktari," Mzamil akadakia. "Anatibiwa hospitalini kila Jumanne."

"Anapewa nini?"

"Hatuambii. Twamfikisha mlangoni, ndani hataki tuingie."

Haikuwa ya tumbo. Ilikuwa saratani ya kibofu cha mkojo, na dawa yake ilipitishwa kwa mpira mwembamba mahali ambapo mwanamume hapataji mbele ya mume wa bintiye, wala hapaonyeshi, ila siku akiwa maiti anaoshwa. Jumanne tano alikuwa amelala chali, macho ameyafumba. Kesho ilikuwa ya sita, ya mwisho. Amalize, saratani iende zake. Kifua kingengoja.

"Mapafu haya hayangoji, mzee," daktari akasema. "Nikikosea dawa, wiki hii huimalizi. Kesho unakwenda kutiwa nini?"

"Dawa tu."

"Ya kumeza? Ya sindano?"

Abdulhalim alikohoa mpaka kofia ikamwanguka. Mzamil akaiokota, akaipangusa, akamvisha. Hapo akauona uso wa mkwewe ulivyoiva kwa haya, akaelewa.

"Baba, mimi natoka. Lakini Khairiya akiniuliza umeuawa na nini, nimwambie umeuawa na haya?"

Mlango ulipofungwa, Abdulhalim alisema yote, akizungumza na miguu ya meza.

Jacinta aliweka kalamu chini. "Dawa hiyo ni vijidudu vya jamii ya kifua kikuu vilivyodhoofishwa, chanjo ile ile ya watoto wachanga. Hutiwa kibofuni kuiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Kwa wengi vita hubaki huko huko. Vyako vimepanda mapafuni. Kesho huendi. Ukitiwa tena katika hali hii, huenda usirudi."

"Na saratani?"

"Nitampigia simu daktari wako, tuamue pamoja. Jumanne tano si bure. Kwanza upumue." Alikuwa ameshaanza kuandika: alazwe leo, apewe dawa za kifua kikuu na vidonge vya kutuliza kinga iliyopandwa na hasira.

Nje, Mzamil alisimama ukutani. Abdulhalim alimshika bega, akavuta pumzi mara mbili ndipo sauti ikatoka.

"Mzamil, mwanangu. Ni kibofu. Dawa hutiwa kwa njia ya mkojo."

Watu wa foleni wakageuka. Mzamil akainamisha macho. "Pole, baba."

"Niangalie. Wallahi, tangu leo, daktari yeyote akiniuliza nitamjibu, na wewe ukiwa umekaa papo hapo."