Gauni la Doto

Jambo lenyewe Gladness aliliona kwanza kwenye kikombe. Sio kwenye daftari, sio kwenye mkutano, ni kwenye kikombe cha plastiki cha bluu. Kila asubuhi Kulwa akipewa uji kabla ya kwenda kituo cha kulelea watoto, alikuwa anaufikisha nusu, anaacha. Sio kwamba ameshiba. Anakiangalia kikombe kwa macho ya mtu mwenye njaa kabisa, halafu anakisogeza taratibu upande wa kushoto, pale ambapo pacha wake alikuwa anakaa.

"Malizia," Gladness anasema.

"Huo wa Doto."

Sasa we mtu mzima utajibu nini hapo. Doto alikuwa ameondoka miezi kumi na moja iliyopita, homa ya siku tatu tu, kipindi cha mvua, wakiwa na miaka minne. Na kwa kina Bibi Kashindye, mama mkwe wake Gladness, huko Magu walikotoka, pacha akiondoka hamsemi amekufa. Hamlii. Hamfungi turubai. Mnasema amekwenda kuchota maji, basi, mnakaa kimya, maana yule aliyebaki akisikia neno lile ataona ameachwa, ataanza kumfuata mwenzake. Gladness hakulia. Mume wake, Machibya, alirudi kutoka visiwani anakovua dagaa, wakamzika, watu sita tu, akakaa mpaka mbalamwezi ilipoisha, maana dagaa huvuliwa gizani, akarudi kwenye boti. Kulwa akaambiwa mwenzako kaenda kuchota maji. Akauliza, ziwani? Bibi akamwambia ndiyo, ziwani, ila mbali.

Tangu hapo mtoto wakishuka mlimani asubuhi, pale kwenye kona ambapo ziwa linaonekana katikati ya mabati, alikuwa anasimama kwanza. Anaangalia. Ndio wanaendelea.

Kituo chenyewe kilikuwa cha mtu anaitwa Antoni, kule chini Mkuyuni, nyuma ya mashine ya kusaga. Serikali ilikuwa na mpango wake wa malezi: mtu anafungua kituo, watoto wa akina mama wa sokoni wanakaa pale mchana bure, na serikali inaleta unga wa lishe, maziwa, magodoro, vyote kwa idadi ya majina. Idadi ya majina, hapo ndipo penyewe. Watoto waliokuwa wanafika walikuwa thelathini, siku ya mvua ishirini. Kwenye karatasi walikuwa mia moja na kumi na mbili.

Na hii kitu sio kwamba ilikuwa siri. Watu walikuwa wanaijua kama unavyojua jirani yako leo kapika nini. Maziwa ya watoto yalikuwa yanauzwa duka la shemeji yake Antoni, yameandikwa kabisa kwenye pakiti hayauzwi, na mtu ananunua. Sokoni ndio ilikuwa stori ya kila siku. Kinara wao alikuwa Amondi, mwanamke wa Rorya, anauza nyanya meza ya pembeni na pale Gladness anapokaangia sato.

"Mwanangu Victor yupo fomu sri, ana ndevu," Amondi alikuwa anasema. "Juzi naambiwa kwenye orodha yao ana miaka minne. Nikampigia simu, nikamwambia baba rudi nyumbani, uji wako unapoa."

Watu wanacheka, halafu kicheko kinakatika. Maana kila mtu anakumbuka mwanae analala kwenye mkeka pale, wakati magodoro yalishushwa na lori zima mtaa ukiona.

Gladness alikuwa anacheka kidogo tu. Yeye Antoni alikuwa anamhitaji. Una karai la mafuta ya moto, wateja wamekuzunguka, mtoto utamweka wapi? Kulwa alishaungua mkono mara moja, na mara moja ilitosha.

Sasa jioni moja wanarudi, Kulwa akasema, kawaida tu kama anayesema leo tumekula maharage, "Mama, Doto leo ameitwa tena."

Gladness akasimama. "Ameitwa na nani?"

"Na ticha Queen. Asubuhi, tukiitwa majina. Anaitwa kila siku."

"Halafu?"

"Halafu mimi naitika."

Alipanga kesho yake aende akamuulize huyo Queen, yule binti anayelea watoto pale. Hakuwahi. Alhamisi, saa kumi jioni, Antoni mwenyewe akapanda mlima, na mkate mkononi. Akampa Bibi Kashindye shikamoo yake vizuri, akapewa kigoda, akakaa.

"Mama Mapacha," akasema.

Hilo jina Gladness hajaitwa muda mrefu. Watu walishindwa wamwite nani, wakaishia kumwita dada.

Antoni akaeleza. Watu wamelalamika mpaka wilayani. Jumamosi wakaguzi wanakuja, mkutano wa mtaa mzima, uwanjani pale pale kituoni. Kila jina linasomwa hadharani na mtoto wake anasimama.

"Kwani jina la Doto halikutolewa?"

"Makaratasi, mama. Ukitoa jina moja fomu zinaenda, zinarudi, wanaanza kuuliza na mengine." Akashusha sauti kidogo. "Kulwa atasimama mara mbili, basi. Nimewaweka mbalimbali. Kulwa namba sita, Doto namba tisini na saba. Hapo katikati Queen anambadilisha nguo nyuma ya jiko. Wale watoto nani angewatofautisha? Wewe mwenyewe ulikuwa unawachanganya."

Ni kweli alikuwa anawachanganya. Hicho ndicho kilichomchoma.

"Na nikikataa?"

Antoni wala hakutisha. Afadhali angetisha. "Kituo kikifungwa mimi nitatafuta kazi nyingine, Mama Mapacha. Kulwa utamweka wapi, chini ya karai?" Halafu akaomba gauni. "Lile la njano. Ndilo alilovaa Doto kwenye picha ya fomu."

Gauni lilikuwa kwenye sanduku, chini kabisa, halijafuliwa. Lilikuwa bado na doa la uji kifuani. Gladness akalikunja mara nne, akaliweka kwenye mfuko, akampa. Alipolikunja aliona ni dogo, na moyoni akajiambia, miezi kumi na moja, mtoto amekua, litampanda mapajani, watu wataona, na mimi sitakuwa nimesema kitu.

Bibi Kashindye muda wote alikuwa anachambua choroko. Antoni alipopotelea kwenye mawe huko chini, akauliza bila kuinua uso, "Umempa gauni?"

"Nimempa, mama."

"Na mtoto ataitika jina la mwenzake, mbele za watu."

"Ni jina tu."

"Sawa." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Aliyekwenda kuchota maji, akiitwa na mtu akaitika, ataona njia iko wazi. Atakuja kumchukua aliyeitika."

Kasema vile vile kama anavyosema choroko zimepanda bei. Gladness akaingia ndani kuosha vyombo ambavyo alishaviosha.

Jumamosi saa nne uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Watu walikuja na hasira zao wamezivaa kabisa. Asubuhi ile ile gari mbili aina ya Noah zilikuwa zimeshusha watoto wa kuazima kutoka Buhongwa, wamepakwa mafuta wanang'aa, na kila mmoja ameshanunuliwa biskuti. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwembamba wa miwani, ana fomu zenye picha mezani, mwenye haraka ya kumaliza.

Alivyoita Nathaniel, wakasimama watatu.

"Nathaniel ni nani hapa?" mkaguzi akauliza.

Wakaangaliana. Mmoja akaanza kulia, akasema yeye anaitwa Junia. Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Alipoita Victor akasimama katoto ka miaka mitatu kameshika biskuti, na Amondi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Jamani, amenyoa."

Ila ukisikiliza vizuri, kila jina lilivyosomwa kicheko kilikuwa kinapungua. Ilifika wakati watu wanasikiliza tu. Mzee mmoja akasema, "Endelea kusoma, mama. Soma yote." Antoni alikuwa amesimama pembeni na kitambaa, anajifuta shingo.

Kulwa alishasimama namba sita, na sketi yake ya bluu. Namba thelathini Queen akamshika mkono, wakazunguka nyuma ya jiko. Gladness aliwaona. Akakaa pale kwenye mchanga, mikono kwenye magoti, akisubiri lile gauni limpande mwanae mapajani.

"Namba tisini na saba. Doto Machibya."

Akatokea.

Gauni lilikuwa limemkaa. Yaani limemkaa sawasawa, limeishia pale pale chini ya magoti linapoishia kwenye picha, mabega yamelala vizuri, doa la uji mahali pake. Mkaguzi akaangalia picha, akaangalia mtoto, akaitikia kwa kichwa. Na Gladness ambaye alikuwa anahesabia mtoto amekua, akaiona hesabu yote ya vikombe. Miezi kumi na moja nusu kikombe, nusu kikombe. Mwanae hakukua. Alikuwa amebaki pale pale mwenzake alipoachia, anamngoja.

Kulwa akafungua mdomo.

"Usiitike," Gladness akasema.

Hakupiga kelele. Alikuwa ameshasimama, hata hajui amesimama saa ngapi. Watu wakampisha. Akaenda mpaka pale mbele, akamshika mtoto kichwa, akamgandamiza tumboni kwake.

"Huyu ni Kulwa. Ameshasimama namba sita. Doto amekufa." Ilikuwa mara ya kwanza neno lile linatoka mdomoni mwake, likamtoka kama mtu anayetema mwiba wa samaki. "Amekufa mwaka jana mwezi wa tatu. Nimemzika mimi."

Mkaguzi akavua miwani. Halafu nyuma kabisa, karibu na mashine, mwanamke mmoja akaketi chini taratibu akiwa ameshika ukuta. Akasema na wa kwake, Perez, namba arobaini, yupo kaburini miaka miwili. Mtoto wa biskuti alikuwa ameshasimama kwa jina lake asubuhi hiyo, na mama wa watu alikuwa amekaa kimya anamwangalia.

Hapo ndipo watu walipoinuka.

Antoni aliondoka amepakiwa kwenye gari la wakaguzi, kwa usalama wake mwenyewe. Kituo kikapigwa kufuli. Na Jumatatu wale watoto thelathini, wale wa kweli, walikuwa chini ya meza za soko la Mkuyuni, wanalia kwa nzi na jua. Wapo waliompa Gladness mkono. Wapo waliopita wamenuna. Mama mmoja wa viazi akamwambia usoni, "Si ungenyamaza tu mpaka mwezi wa sita, tupate pa kuwaweka watoto." Hata Gladness mwenyewe alishaliwaza hilo.

Queen alikuja saa mbili, na mfuko. Amelifua gauni, amelipiga pasi. Alikuwa binti mdogo tu, macho yamevimba.

"Ulikuwa unamwita kila asubuhi," Gladness akamwambia. "Mtoto amekufa, unamwita. Hukuogopa?"

"Dada, sijawahi kumwita hata siku moja. Haki ya Mungu. Nikifika kwenye jina lake nilikuwa nanyamaza, napiga vema, naendelea. Ni Kulwa aliyekuwa anaitika. Mara ya kwanza kalamu ilinidondoka."

Alipoondoka, Gladness akachuchumaa. Kulwa alikuwa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbali na karai, amefungwa kamba kiunoni ili asisogee, anapanga vizibo vya soda.

"Kulwa. Ticha anasema alikuwa hamwiti."

"Alikuwa ananyamaza," Kulwa akasema. "Pale anaponyamaza. Ndipo anaitwa."

"Unajua Doto yuko wapi?"

"Amekufa. Si ulisema." Akaongeza kizibo. "Hata kabla hujasema nilijua. Ila alikuwa anaitwa, na hakuna mtu anamwitikia."

Gladness akainuka, akageuza samaki ambao walikuwa wameshaanza kuungua. Akammiminia uji kwenye kikombe cha bluu, akampa. Kulwa akanywa mpaka nusu. Akakiangalia. Akakisogeza kushoto.

Amondi alikuwa anaita wateja kwa pumzi zake zote, nyanya, nyanya, njoo na ndoo yako mama, halafu akanyamaza ameze mate. Na kama inavyotokeaga sokoni, wakati huo huo bodaboda hakuna, redio ya jirani imekatika, mafuta yenyewe yametulia kwenye karai. Kimya. Sekunde mbili, tatu.

Kulwa akainua kichwa. Uso ulikuwa umegeukia kule chini liliko ziwa, na midomo ilikuwa imeshaanza kufunguka.

"Nipo," Gladness akasema, kwa sauti ya chini, kabla mtoto hajaitika.

Aliyeitika sasa alikuwa yeye. Akabaki na kijiko chake cha kukaangia mkononi, hakugeuka kuangalia nyuma. Kulwa akamtazama mama yake muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono kushoto, akakivuta kikombe, akanywa uji wote.